Barua ya wazi kwa wenye fungu la utafiti: mtumeni mwanafunzi mmoja aende stoo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kwa wakuu wa vyuo vyetu vinavyofundisha biashara. Na kwa viongozi wetu wa Shirikisho la Wenye Viwanda (CTI), Taasisi ya Sekta Binafsi (TPSF) na Chemba ya Wafanyabiashara (TCCIA).

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi natengeneza maboksi Vingunguti, Dar es Salaam. Nina mashine nne na vijana kumi na mmoja. Mteja wangu si mama aliyekwenda gengeni na kikapu chake. Ninaowauzia ni viwanda wenzangu: anayetengeneza sabuni, anayekamua alizeti, anayefungasha majani ya chai, anayesindika juisi. Boksi langu likifika dukani linachanwa, bidhaa inatolewa, lenyewe linatupwa au mlinzi analilalia usiku. Ndiyo maana watu wa aina yangu hatuonekani. Sabuni inajulikana nchi nzima, ila aliyetengeneza boksi la sabuni hajulikani hata na anayeiuza.

Naandika kuomba jambo moja. Katika fedha za utafiti mnazozigawa, litengwe fungu, hata liwe dogo, la kuwafadhili wanafunzi wa uzamili na uzamivu, pamoja na walimu wao, wachunguze matatizo ya sisi tunaouziana kampuni kwa kampuni. Na matatizo hayo yatoke kwetu. Nitaeleza kwa nini, na naomba mnivumilie nianze na kamba.

Kwa miaka mitatu nilikuwa na mteja mmoja mkubwa, kiwanda cha vinywaji ambacho sitakitaja. Zaidi ya nusu ya maboksi yangu yalikuwa yake. Mwezi mmoja oda ikapungua, mwezi uliofuata ikapungua tena, kisha LPO, zile hati za kuagiza mzigo, zikakoma kabisa. Nikampigia meneja manunuzi, akaniambia ni bei. Nikashusha bei mpaka nikawa nalipa mishahara kwa kukopa. Oda haikurudi. Nikadhani ni ubora, nikaweka karatasi ya nje nzito zaidi. Haikurudi. Mwishowe nikaanza kudhani kuna mtu anapewa chochote, na nikamshuku mtu ambaye baadaye ilinibidi nimfuate nyumbani kwake nimwombe radhi.

Miaka miwili ikapita. Nikakutana msibani na kijana aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda kile. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tukingoja chakula, akaniambia taratibu: "Mama, maboksi yako tulikuwa tunayapenda. Tatizo lilikuwa kamba."

Maboksi husafirishwa yakiwa bapa, yamefungwa kwa mafungu. Mimi nilikuwa nafunga thelathini thelathini, kwa sababu kijana mmoja anaweza kulibeba fungu hilo peke yake na kamba inatosha. Stoo yao ilipokea kwa mia. Mafungu ya thelathini hayakupi mia kamili: lazima ulifungue moja, uhesabu kumi, yaliyobaki uyaweke pembeni na kuyaandika upya. Mzigo wangu ulikuwa unafika jioni, wakati zamu zinabadilishana. Hesabu ikipishana na hati ya kupokelea mzigo, anayekatwa mshahara ni mtunza stoo. Mshindani wangu alikuwa anafunga ishirini na tano. Mafungu manne, mia moja, saini, lori linaondoka. Kijana yule akaanza kumwambia mkubwa wake kwamba mzigo wangu una usumbufu. Kamba hakuitaja, alisema usumbufu tu. Na mkubwa wake, nilipomuuliza mimi, akasema bei, kwa sababu ukimwambia muuzaji ni bei haulizi zaidi.

Nilipunguza vijana watano kwa sababu ya kamba. Nawajua kwa majina, na mmoja wao mpaka leo nikimwona naona aibu.

Baada ya msiba ule nilimsimulia binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa anasoma masomo ya masoko chuoni. Akafungua daftari lake akanisomea. Kumbe wasomi wa Marekani waliandika tangu mwaka 1972 kwamba kampuni hainunui kama mtu mmoja anavyonunua. Inanunua kwa kundi: yuko atakayekitumia kitu, yuko anayeshauri, yuko anayeamua, yuko anayekwenda kununua, na yuko anayeshika mlango wa taarifa, akitaka zinapita, asipotaka hazipiti. Nilisikiliza nikiwa na machozi. Jambo lililoniangusha lilikuwa limeandikwa kabla binti yangu hajazaliwa.

Lakini nilimuuliza maswali, naye hakuwa na majibu. Nikamuuliza, je, wameandika habari za mdogo wa yule mwenye kampuni, asiye na cheo chochote, anayeshinda ofisini na neno lake ndilo la mwisho? Je, wameandika habari za dereva anayesafirisha mizigo ya wauzaji watatu kwa safari moja na anajua nani atapokelewa kwanza? Je, mtunza stoo anayekatwa mshahara kwa boksi moja lililopungua? Akaniambia mfano uliomo kitabuni ni wa ofisi kubwa yenye idara. Hakuna aliyekuja kuuchora wa kwetu.

Swali langu kwenu linatoka hapo. Nani atauchora?

Kwa miaka kumi na minne niliyofanya kazi hii, wanafunzi wamekuja karakanani kwangu mara sita au saba. Nimewapokea wote, nimewapa soda, na siwalaumu. Kila mmoja alikuja na dodoso. Kila dodoso lilikuwa la Kiingereza, lenye sentensi ndefu na visanduku vya kuweka alama ya vema, kuanzia "nakataa kabisa" mpaka "nakubali kabisa". Mmoja aliuliza kama nakubali kwamba mitandao ya kijamii imeongeza mauzo yangu. Nilimwambia, mwanangu, nina wateja kumi na tisa, wote nawajua kwa sauti, na wananipigia simu. Hakukuwa na kisanduku cha jibu hilo. Aliweka alama katikati. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia alichokigundua. Hata kamba yangu, angekuja mtu akakaa stoo kwa mteja wangu siku tatu tu, angeiona.

Nimewauliza wanafunzi hawa kwa nini wanafanya hivyo, nao wamenijibu kwa uwazi. Fedha ya utafiti ni yao wenyewe au ya mzazi. Nauli ya kwenda kiwandani mara moja inapatikana, mara ishirini haipatikani. Msimamizi ana wanafunzi wengi. Benki na kampuni za simu ziko mjini, matangazo yao yanaonekana, dodoso linajazwa kwa siku moja, tasnifu inakwisha kwa muda. Biashara inayofanyika nyuma ya geti la kiwanda, kati ya muuzaji mmoja na mnunuzi mmoja, inataka uvumilivu na fedha ya kuulipia uvumilivu huo. Kwa hiyo wanafunzi wetu wanasomea pale penye mwanga, na sisi tuko gizani.

Waheshimiwa, wenzetu walilishughulikia hili zamani. Mwaka 1976 watafiti wa Uppsala, Sweden, walikusanyika na wenzao wa Uingereza, Ufaransa, Italia na Ujerumani. Waliingia viwandani wakazungumza na muuzaji, kisha wakazungumza na mnunuzi, juu ya mamia ya mahusiano ya namna hiyo. Walichorudi nacho kilibadili somo lenyewe: viwanda vinapouziana, mara nyingi si tukio la siku moja la kupatana bei. Ni uhusiano wa miaka, na kila upande hujibadilisha kwa ajili ya mwenzake. Nami nasema: hujibadilisha mpaka kamba. Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kule Marekani, ikaanzishwa taasisi ya kuchunguza masoko ya kampuni kwa kampuni. Kampuni wanachama zinatoa ada, zinakaa na maprofesa na kuwaeleza kinachowasumbua, na taasisi inawafadhili wanafunzi wa uzamivu wanaoandika tasnifu zao juu ya uuzaji wa aina hiyo. Wanashindanisha maandiko ya utafiti, aliye bora anapata fedha. Miaka zaidi ya arobaini sasa.

Hapo sijaona kitu ambacho sisi hatukiwezi. Vyuo tunavyo. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianza mwaka 1965, uhuru ukiwa bado mchanga. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Shule Kuu ya Biashara, ambayo mizizi yake ni kitivo kilichoanzishwa mwaka 1979. Chuo Kikuu Mzumbe kipo, na Moshi kuna chuo cha ushirika tangu 1963, kilichokuwa kikiwafundisha watu kuuza kahawa na pamba kwa pamoja kabla neno masoko halijawa somo la shahada. COSTECH ipo kwa sheria ya mwaka 1986, na mfuko wa MTUSATE upo kwa ajili hii hii ya kuwezesha utafiti. Kinachokosekana ni mstari mmoja katika tangazo la kuomba fedha, unaosema: matatizo ya uuzaji kati ya kampuni na kampuni yanakaribishwa.

Najua fedha ni chache. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila moja itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na majirani zetu wa Kenya wakaandika asilimia 2 katika sheria yao ya mwaka 2013. Kuandika na kutoa ni safari mbili tofauti, na sina nia ya kuwahesabia. Najua pia fedha iliyopo inakwenda kwenye mbegu, magonjwa, maji na nishati, na mtoto anayeumwa malaria hawezi kungoja mimi nijue namna ya kufunga maboksi. Ufadhili wa Samia unawapeleka vijana wetu kwenye sayansi, uhandisi na tiba, nami nafurahi, maana mhandisi wa mashine zangu atatoka huko. Ila mbegu bora ya alizeti ikishapatikana Singida, mafuta yakishakamuliwa, mashudu bado yanatakiwa yauzwe kwa mwenye kiwanda cha chakula cha mifugo, na huyo naye ana masharti yake, ana msimu wake, ana namna yake ya kulipa. Mkamuaji asipojua kuuza mashudu, mafuta hayamlipi, na mbegu ile bora inakosa mnunuzi. Utafiti wa maabara unapita katika mikono yetu kabla haujafika kwa wananchi.

Niwape mfano mwingine, maana nisingependa mdhani nimeandika barua nzima kwa sababu ya kamba.

Juni mosi mwaka 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini. Sisi wa karatasi tuliona neema. Nilikopa, nikanunua mashine ya mifuko ya karatasi, nikaajiri wasichana wanne wa kubandika gundi. Nilikuwa nafikiria wateja wa maduka, wale wanaoshika mfuko mkononi. Lakini mfuko haununuliwi na anayeushika. Unanunuliwa na muuzaji wa jumla wa Kariakoo, anayeusambaza Mbagala, Morogoro, Mbeya mpaka Tunduma. Yeye ndiye aliyekuwa ananunua marobota ya plastiki, na yeye ndiye aliyekuwa anatafuta kitu cha kujaza pengo. Mfuko wa karatasi unamlia nafasi stoo, ukilowa umekwisha, na wauzaji wake wa rejareja hawana pa kuuning'iniza. Akachagua mifuko ile myepesi inayofanana na kitambaa, inayokunjika, isiyoogopa mvua. Mashine yangu ipo mpaka leo, nimeifunika turubai.

Katazo lilitangazwa kabla ya siku yake. Kabla ya siku hiyo, mwanafunzi mmoja mwenye nauli na daftari angeweza kuzunguka mitaa minne ya Kariakoo akawauliza wauzaji wa jumla thelathini: kesho plastiki ikiondoka, utaweka nini mahali pake, na kwa sababu gani? Jibu lake lingewafaa wenye mashine kama mimi, lingewafaa mabenki waliotukopesha, lingeifaa na serikali yenyewe, iliyotaka karatasi ya nchini, ile inayotoka Mgololo kule Mufindi, ipate soko. Hakuna kampuni moja ya saizi yangu inayoweza kumlipa mtu wa kuuliza swali hilo, na kampuni kubwa iliyoweza ingelificha jibu kabatini. Kwa hiyo ninapoulizwa kwa nini fedha ya umma igharamie matatizo ya wafanyabiashara, jibu langu ndilo hili. Kilichogunduliwa kwa fedha ya umma kinasomwa na wote.

Na kuna hili la malipo, ambalo likiguswa karakana zote za Vingunguti zinasimama. Mwaka 2022 nilipeleka mzigo wa shilingi milioni 20 kabla ya kodi. VAT yake asilimia 18 ni milioni 3 na laki 6. Mzigo ulipokelewa mwanzoni mwa Machi, ankara ikatoka siku hiyo hiyo. Aprili 20 ilipofika nikatakiwa nipeleke kodi ile, na nikaipeleka kwa fedha ya kukopa, kwa sababu mnunuzi alilipa mwishoni mwa Juni. Sisemi kodi ni mbaya. Nasema sijui kwa nini mnunuzi yule anakaa siku zaidi ya tisini, na sijui kwa sababu sina namna ya kumuuliza nikajibiwa ukweli. Je, hana fedha? Je, anazo, ila amezoea kufanyia biashara fedha yangu? Je, ankara yangu ilikaa mezani kwa mtu aliye likizo? Je, wananilipa mimi mwisho kwa sababu napokea simu kwa upole? Kila sababu ina dawa yake. Nikimpunguzia bei anayelipa mapema nitakuwa nimempa zawadi yule ambaye angelipa mapema hata hivyo. Nikimdai kwa ukali mwenye ankara iliyopotea, nimeharibu uhusiano wa miaka. Nikimvumilia aliyezoea kunitumia, ninamfundisha azidi.

Mtafiti anaweza kukaa katika ofisi za uhasibu za wanunuzi kumi, kwa ruhusa na kwa siri, akaifuata ankara moja moja kutoka mezani mpaka mezani. Muuzaji hawezi. Akiingia mtafiti wa chuo, mhasibu anaeleza. Nikiingia mimi, anaficha.

Sikai peke yangu katika shida hii. Nendeni Gerezani mkawaone mafundi wanaochonga vipuri vya mashine za kusaga. Kipuri wanakitengeneza vizuri, lakini mwenye mashine za kusaga kumi anasubiri kiletwe kutoka nje, analipa zaidi, na fundi hajui ni nini hasa ambacho mtu yule anaogopa. Nendeni Mafinga kwa wenye nguzo na mbao. Nendeni Geita na Kahama. Kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania katika madini zimewafungulia wengi geti la mgodi, na waliofungua kampuni za kupeleka mboga, sare, vifaa vya usalama, usafiri, ni wengi. Wapo waliopata oda ya kwanza kwa nguvu ya kanuni. Hakuna kanuni inayoweza kumpa mtu oda ya pili. Oda ya pili inatoka kwa mnunuzi aliyeridhika, na kuridhika kwa mnunuzi wa mgodi ni elimu ambayo watoa huduma wa Geita wanaikusanya kila mmoja peke yake, kwa hasara yake, na anayefilisika anaondoka nayo.

Hata serikali yenyewe sasa inanunua kupitia NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, chini ya sheria ya ununuzi ya mwaka 2023. Zabuni, walioomba, walioshinda, walioshindwa, yote yamo humo. Ni hazina. Mtafiti akipewa ruhusa ya kuisoma bila majina ya watu, anaweza kutuambia wadogo wanashindwa wapi: kwenye bei, kwenye nyaraka, kwenye dhamana, au hawaombi kabisa kwa sababu wamekata tamaa kabla ya kuomba. Sasa hivi kila mtu ana maoni yake juu ya zabuni, na maoni hayajamsaidia kijana yeyote kujaza fomu.

Nimeombwa na wenzangu wa mtaani nisiishie kulalamika. Basi nieleze tunavyoliona fungu hili.

Swali litoke kwetu. CTI, TCCIA na shirika la viwanda vidogo, SIDO, wana wanachama na wapangaji mikoani. Mara moja kwa mwaka watukusanye, si hotelini, bali kwenye ukumbi wowote wenye viti, tuseme kwa Kiswahili kinachotusumbua, walimu wa vyuo wakiwa wamekaa wanaandika. Si kila tunalosema litakuwa swali la utafiti. Mengine ni malalamiko, mengine yana majibu tayari vitabuni na mwalimu anaweza kutujibu pale pale. Hilo peke yake ni faida. Yatakayobaki ndiyo yatangazwe, wanafunzi washindane kwa maandiko, na kwenye jopo la kuchagua akae angalau mtu mmoja anayeuza kitu kwa kampuni.

Fedha imlipe mwanafunzi nauli, chakula na muda. Muda ndio mkubwa. Miezi sita ndani ya biashara, upande wa muuzaji na upande wa mnunuzi, stoo, uhasibu, kwenye lori. Atayaona ambayo hakuna dodoso linaloweza kuyauliza, kwa sababu wenyewe tusiojua kamba ni tatizo tusingeiandika. Msimamizi wake naye alipwe kwenda kumtembelea huko. Najua sifa ya mwalimu hupimwa kwa majarida, na serikali imekuwa ikiwatuza wanasayansi wanaochapisha katika majarida makubwa ya dunia. Ni vizuri. Mkuu wa chuo anaweza pia kumhesabia mwalimu kazi iliyorudi Vingunguti ikaeleweka.

Matokeo yarudi kwa Kiswahili. Kurasa nane zinatosha. Tasnifu ibaki ya Kiingereza kama kanuni za chuo zinavyotaka, lakini kabla mwanafunzi hajapokea sehemu ya mwisho ya fedha, awe amesimama mbele ya wale aliowachunguza akawaeleza alichokiona, nao wakamuuliza. Na aeleze hata kama hakuona kitu, hata kama alichodhani kimegeuka kuwa sicho.

Nasi tuchangie. Kampuni ikitaka swali lake lichunguzwe, itoe kitu: kwa mkubwa fedha, kwa mdogo chumba cha kulala na chakula cha mchana. Ila mchango usinunue jibu. Hili nalisema kwa wenzangu wenye viwanda kuliko ninavyolisema kwenu. Mtafiti akikaa kwangu miezi sita akasema maboksi yangu yanalainika masika kwa sababu stoo yangu inavuja, na si kwa sababu ya karatasi ya mtu mwingine kama ninavyowaambia wateja, lazima aandike hivyo. Nimewahi kusema uongo huo, na mteja aliujua. Majina na bei za watu zifichwe, mkataba uwekwe wazi mapema, ili mnunuzi na muuzaji wote waweze kufungua madaftari bila hofu.

Wako watakaosema biashara hujifunza yenyewe, sokoni. Ni kweli, nami nimejifunza. Nimejifunza kamba kwa miaka miwili na ajira tano. Nimejifunza mifuko kwa mkopo niliomaliza kuulipa mwaka juzi. Jirani yangu anayetengeneza lebo amejifunza ya kwake kwa kufunga. Karakana yake sasa ni gereji. Elimu hiyo ipo mtaani kwetu, ni nyingi, imelipiwa sana, na haijaandikwa mahali popote. Kila kijana anayeanza anainunua upya kwa bei ile ile.

Dira ya Maendeleo ya 2050 imezinduliwa mwaka 2025 ikiutaka uchumi wetu usimame kwa uzalishaji. Kiwanda kimoja hakisimami peke yake. Kinasimama kwa anayekiuzia chupa, vizibo, lebo, boksi, vipuri, usafiri na ulinzi. Wateja wa Lubumbashi na Kigali wanaokuja kununua sabuni Dar es Salaam wanabeba boksi langu bila kujua. Katika mnyororo huo ndiko kuliko na ajira za vijana wa Vingunguti, na ndiko ambako hatujatuma mtu wa kwenda kutazama.

Bajeti husomwa Juni. Kabla ya hapo kuna miezi ya vikao ambavyo sisi hatuingii, ninyi mnaingia. Naomba mstari ule mmoja uandikwe humo, kwa wanafunzi kumi wa kuanzia, hata watano.

Kwangu kazi imeanza. Nina madaftari ya oda tangu nilipofungua karakana, kwenye kabati la chuma: nani aliagiza, maboksi mangapi, kwa bei gani, alisema atalipa lini, alilipa lini, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, siku aliyoacha kuja. Sijampa mtu yeyote ayasome. Mwanafunzi atakayetumwa nitampa ufunguo. Aje Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, ndipo tunapofunga mzigo, na siku hizi tunafunga ishirini na tano ishirini na tano.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa maboksi,
Vingunguti, Dar es Salaam